Majigambo ya Nyanya Kwenye Mizani

Mwalimu aliniambia niondoe mistari ya nyanya yangu, mama yake mzazi wangu, kwenye shairi langu, na mimi nikakubali. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kusema hapana nilijua.

Nimeyakumbuka hayo Jumamosi, mjukuu wangu aliposhika maikrofoni kughani shairi lake kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kericho. "Nimezaliwa kwenye majani haya ya chai! Usiniulize kwetu ni wapi!" Vijana wakapiga meza kwa furaha. Baadaye akanijia mbio. "Babu, nataka kuongeza majigambo ya nyanya yako. Nipe yote."

Ah, ungemsikia nyanya, rafiki yangu! Watu wetu walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, wakaja na majigambo yao. Jioni, kila mama alijisifu kabla kikapu chake hakijaning'inizwa kwenye mizani. Aproni za plastiki zilikuwa zimelowa, na majani mabichi yalinukia mpaka kooni. Nyanya alingoja wote wanyamaze.

"Mimi binti wa ziwa, samaki hunipisha njia!"

Hapo anakatiza. Lazima mtu aulize, "Nani huyo?" ndipo aendelee. Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni jirani yetu, mama Mkipsigis, mwenyeji wa huku, kisha anamchokoza: "Samaki gani, mama? Huku ni mvua ya mawe tu!"

"Hata mawe hayo yananijua!" nyanya akamjibu.

Karani wa mizani alicheka mpaka akalazimika kupima upya. Nyumbani tulikula ugali na omena, dagaa wa kwetu ziwani, tukateremsha kwa maziwa lala yaliyoganda ya jirani huyo huyo, nami nikiwa bado najigamba na tonge mkononi.

Basi nikayatia majigambo hayo kwenye shairi la mashindano ya shule. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Ukitaja ziwa watakuona mgeni. Sema chai peke yake." Neno hilo, mgeni, liliniogopesha. Nikaondoa.

Siku yenyewe nyanya aliketi mbele na kitambaa chake cha kanisani, tayari kuuliza "Nani huyo?" Akangoja. Nikamaliza, nikashangiliwa, nikapewa cheti. Akaninunulia mahindi ya kuchoma, tukala tukitembea. Kesho yake nikamwomba anifundishe majigambo yaliyobaki.

"Si uliyatoa?" Akaendelea kusugua sufuria.

Niliona aibu, sikuomba tena. Nikaenda shule ya bweni, na nikiwa kidato cha pili tukamzika.

Siku hizi mashine ndizo zinazochuma, na mashine haijisifu. Mjukuu alinielekezea simu anirekodi, nikampa mstari wa samaki. "Nani huyo?" akauliza, akitabasamu, akingoja niendelee.

Nikaurudia ule ule. Cheti nilipata. Mistari ya nyanya nimeipoteza yote isipokuwa huo mmoja, na mtoto huyu hana mwingine wa kumuuliza.