Hesabu Zilizomkimbia Merrin

Merrin Tregenza alizaliwa Moonta, Australia Kusini, kwenye ukoo wa wachimba shaba, akawa wa kwanza kwao kupata shahada ya uzamivu. Baba yake, mzee Perran, alitamba nayo kila baa. Wenzake wakamtania, "Daktari gani huyo asiyejua hata kushusha homa?"

Hisabati yake ilikuwa ya mapovu: kwa nini utando wa sabuni hujikunja hivi na si vile. Pale chuoni Adelaide, wa kuzungumza naye jambo hilo alikuwa mmoja tu, Dinko Skansi, mtoto wa wavuvi wa jodari kutoka Port Lincoln. Walisaka uthibitisho mmoja mbele ya ubao mmoja, wakigombana kama watoto wa tumbo moja. Kisha profesa wao akafariki, idara ikapunguzwa, na kazi ya kudumu ikakosekana. Dinko akang'ang'ania kibarua cha kufundisha, muhula kwa muhula. Merrin akaenda kuomba kazi kwenye kampuni ya programu za kompyuta za kuendesha feni za migodini.

Kwenye usaili, kijana aliyevaa ndala alimtaka aandike ubaoni programu ya kupindua orodha ya majina, la mwisho liwe la kwanza. Akakosea. Jasho likamtoka.

"Usijali, daktari, jaribu tena," kijana akasema, na hilo neno "daktari" likamchoma kuliko kosa lenyewe.

Walimchukua hivyo hivyo. Miezi ya mwanzo alikuwa akijifungia chooni na kulia. Siku moja alikataa kukabidhi programu kwa sababu hakuelewa kwa nini ilikuwa inafanya kazi. Bosi wake, Tamsin, akacheka. "Merrin, mpenzi, mteja haulizi kwa nini. Anauliza lini."

Akajifunza kutouliza. Akaizoea kazi, akaipenda, akapewa watu wa kuwaongoza. Jumamosi za kahawa na Dinko zikageuka simu, simu zikageuka salamu za Krismasi, nazo zikakatika.

Miaka ikapita. Mchana mmoja Dinko alimjia ofisini, amekonda, ndevu hazijanyolewa, kabeba rundo la karatasi.

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Andiko letu lile, la uthibitisho wa mapovu! We, umeshasahau? Soma kabla sijalipeleka kwenye jarida. Profesa hayupo, na wengine hawatanijali. Nina wewe tu."

Merrin aliomba likizo akaenda Moonta, akaketi jikoni kwa baba yake. Kurasa mbili za mwanzo zilipita. Wa tatu ukamgomea. Aliurudia asubuhi, akaurudia jioni, alama zikimtazama kama watu aliowahi kuwajua majina. Mzee Perran alimwekea sambusa kubwa ya nyama na viazi, ikapoa.

"Limekushinda, mwanangu?"

"Hiki kipande nilikitunga mwenyewe, baba. Jina langu lipo hapo. Sikielewi."

Mzee akaitoa sahani.

Aliporudi mjini alimweleza Dinko ukweli, macho yakiwa sakafuni.

"Unanitania," Dinko akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukinikamata makosa. Mimi nilikuwa mbio, wewe breki."

"Nimejaribu, Dinko. Kweli nimejaribu."

"Basi niambie tu ni zuri."

"Naona ni zuri."

Dinko akalipeleka. Jarida likakaa nalo muda mrefu, kisha jibu likaja: ukurasa wa tatu una pengo, na yote yaliyojengwa juu yake yameanguka. Muhula uliofuata chuo hakikumwita Dinko tena. Akarudi kwao, wala hakupokea simu.

Merrin alimfuata Port Lincoln. Alimkuta gatini, buti hadi magotini, akirusha dagaa walioganda kwenye boti ya kulishia jodari. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi.

"Dinko, ule ukurasa wa tatu…"

"Wamenona mwaka huu," akamkatiza, akionyesha vizimba vya jodari vilivyokuwa mbali majini. "Wanunuzi wetu Wajapani watafurahi."

"Zamani ningeliona lile pengo."

"Najua," Dinko akasema. Hakukuwa na hasira ndani yake, wala msamaha. Akainama, akabeba kreti nyingine. "Sogea kidogo, utalowa."

Merrin akasogea. Alisimama pale mpaka boti ilipopakiwa ikaondoka. Dinko hakupunga mkono.