Barua ya Kuthibitisha Kwamba Sidaiwi

Wanaowajibika kwa deni hili ni wawili: mimi, niliyetia sahihi mkataba bila kuusoma hadi mwisho, na benki yangu, ambayo wakala wake aliniuzia kadi ya mkopo kwa maneno nusu. Mke wangu hahusiki, ingawa ndiye anayeumia.

Kadi yenyewe niliuziwa Dagoretti Corner, chini ya mwavuli wa benki, nje ya duka ninakonunua gazeti. Nilikuwa nimestaafu mwaka uliotangulia.

"Mzee wangu, hii ni ya dharura tu," binti wa mwavuli aliniambia. "Ukitumia, unalipa pole pole. Kila mwezi utaona kwa karatasi ile pesa unafaa kulipa."

"Na adhabu?"

"Ukilipa kwa wakati? Hakuna, mzee."

Nililinakili jibu hilo katika daftari langu, nikaweka tarehe.

Dharura ilifika. Mke wangu alipasuliwa nyonga katika hospitali moja ya Parklands, na hospitali haikukubali aondoke kabla ya kulipwa sehemu ambayo bima haikuigusa: shilingi laki mbili na elfu arobaini. Nilitoa kadi. Daktari alitutahadharisha kwamba nyonga ya pili nayo ingehitaji kupasuliwa, na kwamba tusikawie mno. Tulikubaliana, mimi na mke wangu, kwamba deni la kwanza likiisha ndipo tutakapopanga upasuaji wa pili.

Kosa langu ni hili. Kwa miaka thelathini na mmoja nilihudumu katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia mishahara. Kwetu, mkopo ulikatwa kwenye mshahara: kiasi kilichochapwa kwenye hati ndicho fungu lako, na mafungu yakitimia makato yalikoma yenyewe. Basi taarifa ya benki ilipoletwa ikiwa na mstari usemao "kiwango cha chini cha malipo: shilingi 12,000", niliusoma kama nilivyozoea. Nililipa siku tatu kabla ya siku ya mwisho, nikaitia taarifa kwenye faili. Mwezi uliofuata kiwango kilishuka kidogo. Uliofuata kikashuka tena. Nilimwambia mke wangu kwamba deni linanyauka. Salio, lililokuwa kubwa bado, liliandikwa pale pale juu ya taarifa, kwa herufi nzito, nami nilidhani benki haijaingiza malipo yangu, kwa kuwa hazina yetu nayo ilikuwa ikichelewa hivyo hivyo.

Baada ya miezi ishirini na minne jumla ya malipo yangu ilipita laki mbili na elfu arobaini na tatu. Nilivaa suti, nikachukua faili, nikaenda tawi la katikati ya jiji kuomba barua ya kuthibitisha kwamba sidaiwi. Kijana wa kaunta aliitazama kompyuta yake, akanitazama mimi.

"Mzee, hii deni haijaisha. Bado uko na deni ya laki moja na elfu sitini na saba."

"Haiwezekani. Sijachelewa hata siku moja."

"Hujachelewa, ni kweli. Lakini umekuwa ukilipa ile ya chini kabisa. Hiyo inakuepusha na faini tu. Riba imekuwa ikila nyingi ya pesa zako. Mtu hulipa salio yote, mzee, ndio asitozwe riba."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Iko kwa mkataba. Ukurasa wa nne."

Alisema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko ambavyo ujeuri ungeniuma.

Mke wangu alikuwa ameketi sebuleni kwetu, mtaa wa Satellite, mkongojo ukiwa mapajani. Nilimsomea hesabu yote nikiwa nimesimama, kama mtu aliyeitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

"Wewe?" akauliza. "Wewe uliyerudisha barua za watu kwa kukosa mhuri?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka kidogo. Kisha akauliza nilichokuwa nikikiogopa: "Kwa hiyo mguu wangu unangoja mpaka lini?"

Nimeikata kadi kwa mkasi. Kodi ya vyumba vyetu viwili vya nyuma, pamoja na sehemu ya pensheni, itatoa elfu ishirini kila mwezi, na kwa kiasi hicho deni litachukua karibu mwaka mmoja kuisha. Wiki iliyopita daktari alitazama picha mpya za nyonga, akasema mwaka ni mwingi. Sasa mke wangu huteremka ngazi mbili za mlango wetu kinyumenyume, akishika ukuta.

Kosa langu nimelikiri kwake kwa maandishi na kutia sahihi. La benki halijakiriwa na yeyote. Kwa hiyo nimemwandikia meneja wa tawi, nakala kwa ofisi kuu, nikidai anijibu kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne: ni nani aliyemfunza wakala wake kutaja kiwango cha chini bila kutaja riba, ni kwa nini, kwa miezi ishirini na minne, hakuna ofisa aliyemwonya mteja asiyelipa zaidi ya kiwango hicho, na ni ofisa gani, kwa cheo na sahihi yake, atakayewajibika.