Mhandisi na Msaidizi Wake

Mwanzoni mwa miaka ya sabini serikali ilinipeleka Stockholm kusomea mitambo ya mvuke. Kwa hiyo hita ya gesi ya bafuni kwetu ilipogoma, mke wangu alisema fundi wa nini na mhandisi yumo ndani. Mimi hita nilijua kuichora tu, kuifungua sijawahi. Alipokwenda kazini nilimwita mzee mmoja wa Kiswidi ambaye jirani alimsifu kuwa hana uongo. Mzee aliponiuliza nasomea nini, aibu ikanisemesha uchungaji.

Mke wangu alipooga maji ya moto, Watanzania wote wa Stockholm walipata habari zangu. Wakaanza kuniita. Nikawa naenda na yule mzee, nikimtambulisha kwa Kiswahili kuwa ni msaidizi wangu. Yeye alipiga magoti bafuni na spana yake; mimi nilikaa sebuleni nikinywa chai na kuitwa Injinia.

Nyumba ya tatu, mzee alitoka akijifuta mikono, akaniuliza kwa Kiswidi, kwa upole kabisa, "Mchungaji, hivi kila hita ni lazima uje kuiombea?"

Mwenye nyumba alikijua Kiswidi kuliko mimi. Alichukua kikombe changu, akampa mzee.