Harufu ya Ndizi za Mbege

Kaka yangu alitumia maisha yake yote ya kazi kuchunguza asidi amino. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikieleza vibaya, kosa ni langu, si lake. Nilivyomwelewa, ni vitu vinavyojenga protini, na mwili huvivunja ukishavitumia. Kuna watoto wachache huzaliwa miili yao haiwezi kuvunja baadhi yake. Maziwa ya mama yenyewe yanawadhuru. Mtoto anaacha kunyonya, analegea, anakufa. Mkojo wake hunukia sukari iliyoungua.

Mimi nilizika wawili waliolegea hivyo, pale kihambani, shamba letu la nyumbani, nyuma ya migomba.

Nilikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zilichemka jikoni kutwa mpaka zikawa nyekundu, na nyumba nzima ikanukia utamu: nguo, nywele zangu, hata blanketi la mtoto. Kama mtoto naye alinukia, nani angejua?

Huyo wa pili kaka alikuja kumwona. Alikuwa amesharudi kutoka masomoni Ulaya, yuko maabara mjini Moshi. Alimpakata mtoto, kata ya mbege mkono mwingine, akasema, "Nyumba yenu inanukia vizuri." Wiki ile ile tukazika.

Nilipobeba mimba ya tatu, kaka alipanda kutoka mjini. Nikamletea kata, akaikataa.

"Zima hilo jiko, mdogo wangu. Mpaka ujifungue nimwone mtoto."

"Na wateja?"

"Waende kwa jirani." Ndipo akanieleza habari ya ile harufu. "Naifundisha darasani. Nilimpakata mwanao, nikasifia jiko."

Nikamwambia labda ilikuwa mbege kweli.

"Labda," akasema.

Mama mkwe wangu aliposikia, alisema ugonjwa huo basi ni wa kwetu. Kaka akamwambia kwa adabu kwamba lazima utoke kwa baba na kwa mama.

"Upande wetu utoke wapi?" mama mkwe akauliza. "Sisi hata msomi hatuna."

Nisimwonee. Ni yeye aliyebeba mablanketi yote akayafua kwenye mfereji, akayaanika mpaka yakanukia jua tu. Na mumewe alipouliza mbege iko wapi, ni yeye aliyemjibu.

Nilijifungua msichana. Kaka alikuja kesho yake, akanawa mikono, akaweka pua kwenye sikio la mtoto.

"Umesoma mpaka Ulaya, mjomba mtu, urudi kunusa masikio?" mama mkwe akauliza.

"Harufu huanzia masikioni, mama."

Alinusa sikio moja, akanusa la pili, akarudia la kwanza. Akachukua mkojo kwenye kichupa akashuka nao mjini. Mimi nikabaki nanyonyesha, na kila mtoto alipomeza niliogopa.

Jioni alirudi, akakaa kizingitini bila kuvua koti. "Nimetia dawa. Ungekuwa ni ugonjwa ule, mkojo ungechafuka kama maziwa. Umebaki safi."

Mama mkwe alikwenda nje, nikamsikia anapenga kamasi.

"Na wale wawili?" nikauliza.

"Wale sikuchukua mkojo wao."

Kaka aliendelea na kazi hiyo mpaka alipostaafu. Nilifika maabara mara moja, nikaona karatasi za kupimia mikojo, zenye madoa ya zambarau, zimeanikwa kwenye kamba kama nguo za mtoto. Kwangu alikuja sana, lakini mbege hakuonja tena. Sijui kama alijilaumu. Mimi sikumlaumu, au nadhani sikumlaumu.

Binti yangu sasa ni mtu mzima. Akikaa nimsuke, bado nainamia sikio lake.

"Mama, acha bwana."

"Tulia kidogo."

Jiko nililiwasha tena, maana ndiyo kazi ninayoijua. Ndizi zikianza kuwa nyekundu hutoka nje nikasimama kule nyuma ya migomba. Kuna siku naona utamu ule unatokea huko huko waliko. Siwezi kuapa. Mvuke wa jikoni nao hufika kote.