Ufa Chini ya Ukucha

Katika ukoo wao, mtu akinunua kitu kipya alikuwa na watu wengi wa kuwaonyesha na mmoja wa kumficha. Huyo wa kufichwa walimwita Jicho. Jina hilo hakulipata kwa uzuri wa macho, maana yalikuwa macho ya kawaida tu, madogo kidogo, na la kulia lilikuwa limejaa mikunjo pembeni kwa sababu ya kukazwa kwenye lenzi tangu ujana. Alilipata kwa sababu hakuna kilichompita. Ukimwonyesha kabati jipya, anaanza na mlango usiofunga sawasawa. Mkwe wake alipomletea mapazia aliyoshona kwa mkono wake, Jicho aliyapokea, akaisifu rangi, kisha vidole vikaenda vyenyewe mpaka kwenye pindo, pale uzi ulipopinda. Hakuwa na roho mbaya, jamani. Aliona tu, na akishaona, mdomo wake haukuwa na breki.

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo, au labda ilimkuta tayari yuko hivyo. Alikuwa mkaguzi wa almasi katika karakana ya sonara mmoja, kwenye chumba cha juu chenye dirisha pana upande usiopigwa na jua, kwa kuwa jua kali humdanganya mkaguzi. Alikuwa na meza nyeupe, taa moja, kitambaa laini, kibano, na lenzi inayokuza mara kumi. Hapo alishinda akigeuzageuza mawe madogo kuliko punje ya dengu, akitafuta ndani yake vitu ambavyo watu wengine wangefurahi kutoviona: nukta nyeusi, wingu jepesi, uzi mweupe, ufa.

Wateja wakitaka kuelezwa, aliwaeleza kwa subira ambayo nyumbani hakuwa nayo. Almasi karibu zote, alisema, huzaliwa na kitu ndani. Zile ambazo hata kwa lenzi huoni kitu ni za kuhesabika, ndiyo maana bei yake haishikiki. Zinafuata zile ambazo mkaguzi huitafuta kasoro mpaka shingo imuume. Halafu kuna zile ambazo kasoro yake kwa lenzi unaiona bila taabu, ila kwa macho matupu huioni. Hizo ndizo alizowashauri watu wengi wenye akili zao na mfuko wa kawaida. Mwisho ni zile ambazo yeyote akiinama kidogo analiona doa. Na doa nalo lina mahali pake. Nukta ikikaa katikati ya jiwe hujirudia kila upande kama mtu aliyesimama katikati ya vioo, na thamani inashuka. Nukta hiyohiyo ikikaa pembeni haimsumbui mtu. Lakini ufa unaofika ukingoni ni habari nyingine, kwa sababu hapo suala si urembo tena, ni uzima wa jiwe. Likigongwa vibaya linaweza kumeguka.

Karakana ile ilikuwa na desturi moja ambayo tajiri hakutaka irukwe hata kidogo. Pete ikiletwa kutengenezwa, kabla haijafika mezani kwa fundi, Jicho alipaswa kumsomea mteja jiwe lake. Alimkalisha, akampa lenzi, akamwonyesha hapa kuna nukta, hapa kuna ufa, umeviona? Mteja akikubali kwamba ameviona, ndipo pete inapokewa. Wengi hawakupenda kusomewa. Kuna mama mmoja aliteremka ngazi amenuna kama aliyeambiwa mwanawe ana makengeza. Lakini desturi hiyo iliwalinda mafundi. Mtu akirudishiwa pete yake hulikodolea jiwe macho kuliko siku aliyolinunua, na doa alilotembea nalo miaka yote huliona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kinachofuata ni kusema amebadilishiwa.

Jicho aliiruka desturi hiyo mara moja tu maishani, na mteja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Huyu mdogo mtu, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, walimzoea kwa jina la Kitinda. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na mumewe, fundi redio mpole ambaye hata akikasirika ilibidi uambiwe. Pete ya uchumba aliyomvisha haikuwahi kutoka kidoleni. Ila sasa ukucha mmoja, katika zile kucha ndogo za dhahabu zinazolishika jiwe, ulikuwa umesagika mpaka ukawa unanasa nyuzi za nguo. Kitinda akapanda ngazi za karakana, akaivua kwa sabuni, akamwekea dada yake kiganjani.

"Dada, nirekebishieni ukucha tu, jiwe msiniguse," alisema. "Unajua mwenyewe alivyonichagulia. Safi, halina doa."

Jicho akafungua mdomo, kisha akaufunga. Akaipokea pete, akampelekea fundi bila kusema neno. Na ili ieleweke kwa nini mtu kama yeye alinyamaza, lazima turudi nyuma kidogo.

Kabla ya uchumba ule, shemeji alikuwa amepanda ngazi hizohizo peke yake, kofia mkononi, na akiba ya fundi redio mfukoni. Jicho alimwekea mawe mawili juu ya kitambaa. Moja lilikuwa dogo na safi, la kumtafutisha hata yeye kasoro. La pili lilikaribia kuwa mara mbili ya lile, linawaka vizuri, lakini ukingoni lilikuwa na ufa mweupe kama unyoya, wa kuonekana kwa macho matupu. Bei ya yote mawili ilikuwa moja. Shemeji aliyaangalia mpaka chai aliyokaribishwa ikapoa, kisha akauliza kama lile kubwa litavunjika. Jicho akamwambia kwamba fundi akilipanga jiwe ili ukucha ukae juu ya ufa, ukucha utauficha na utaulinda pia. Basi akachagua kubwa. Jicho hakumwelewa, akamuuliza kwa nini anaacha jiwe safi.

"Mkono wa mdogo wako hautakaa bila kazi," shemeji alijibu. "Nataka alione akiwa anafua, akiwa anaosha vyombo, bila kuhitaji lenzi yako."

Halafu akamwomba jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuthubutu kumwomba. Alisema anajua Jicho hajawahi kunyamazia kitu, ila hiki akinyamazie. Na Jicho akaahidi.

Siku pete ilipoonyeshwa nyumbani, ukoo mzima ulikaa roho juu ukimsubiri Jicho atoe hukumu. Akaushika mkono wa mdogo wake, akautazama, akasema, "Ni nzuri." Akaishia hapo. Mama yao alimvuta pembeni kumuuliza kama anaumwa. Kitinda naye, aliyekuwa ameshajikaza kupokea maneno, alifurahi kuliko alivyofurahia pete yenyewe. Kama Jicho hakuona kasoro, basi kasoro haipo. Na tangu siku hiyo kila aliyeisifu pete alielezwa kwamba jiwe ni safi, dada yangu mwenyewe alilikagua. Jicho alilisikia hilo kwenye kila shughuli ya familia, na kila mara alijifanya anatafuta kitu mkobani.

Sasa pete ilikuwa imefika mezani kwa fundi wa kucha. Alikuwa mgeni pale, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, makini, maneno yake ya kuhesabu, na bado yuko kwenye majaribio. Alipolitoa jiwe na kuuona ule ufa, aliogopa kukandamiza ukucha mpya juu yake, asije akalimegua. Akaligeuza kidogo, ufa ukakaa katikati ya kucha mbili, mahali ambapo chuma chake hakitaugusa. Aliifanya kazi hiyo kwa mkono mwepesi kama anamkata mtoto mchanga kucha. Hakuwa na sababu ya kuuliza, kwa sababu alijua mteja ameshasomewa jiwe lake.

Kitinda alipokuja kuchukua pete, tajiri alimkabidhi mwenyewe kwa heshima ya kuwa ndugu wa mfanyakazi. Akaivaa, akaenda nayo dirishani, akanyoosha vidole. Tabasamu likamwisha usoni taratibu.

"Hili si jiwe langu," alisema.

Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tajiri akasogea akatazama, akauona unyoya mweupe, akamwita fundi. Fundi akaja anajifuta mikono kwenye aproni, na aliposikia neno la kubadilishiwa aliendelea kujifuta hata mikono ilipokuwa imeshakauka. Alijua, kama kila mtu wa kazi ile anavyojua, kwamba jina la wizi wa mawe halifutiki. Halitamtoa kwenye karakana hii tu, hakuna sonara yeyote atakayemkaribisha mezani tena. Tajiri akauliza kama mteja alisomewa jiwe. Kitinda akajibu kabla ya mwingine kwamba hakukuwa na haja ya kusomewa, jiwe lake lilikaguliwa tangu siku ya kwanza na dada yake, na dada yake huyo hapo, aulizwe.

Wote wakamgeukia Jicho. Alihisi kama yeye ndiye aliyewekwa chini ya lenzi. Upande huu alikuwepo shemeji, aliyelala kaburini akimwamini. Upande ule alikuwepo mtu aliye hai, ambaye kosa lake lote lilikuwa kujali kazi. Moyo ulimuuma, kwa sababu aliona wazi kwamba lazima amwangushe mmoja wao, na kwamba aliyewafikisha wote hapo ni yeye mwenyewe na kimya chake.

"Jiwe ni lilelile," alisema. "Naujua ufa wake tangu kabla halijavaliwa. Fundi hana kosa, tajiri. Kosa ni langu, sikumsomea."

Fundi alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka nayo. Tajiri akamtazama Jicho kwa jicho la tutaongea baadaye, na kweli baadaye waliongea, ila hayo ni yao. Jicho aliomba waachwe wawili. Mlango ulipofungwa, alimkalisha mdogo wake kwenye kiti cha wateja, akawasha taa, akampa lenzi, akamsomea jiwe lake kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Kisha akamsimulia habari ya mawe mawili juu ya kitambaa.

Kitinda alisikiliza bila kuinua uso.

"Kwa hiyo alijua," alisema mwishowe.

"Alijua. Alilichagua mwenyewe."

"Na wewe ulijua. Wewe. Uliyenikosolea mboga mbele ya wakwe zangu, ukasema chumvi."

"Ilikuwa imezidi," Jicho akasema.

Kitinda akacheka bila kutaka, na kicheko kikaishia kwenye machozi. Alisema miaka yote amewatambia watu, kumbe anatamba na jiwe lenye ufa. Alisema mumewe angemwambia tu, asingemkataa kwa ajili ya jiwe. Alikuwa na hasira naye, na hasira ya mtu aliyekufa haina pa kwenda, kwa hiyo Jicho aliipokea yeye. Alipoona imepungua, ndipo akamwambia maneno ya shemeji yote, kama yalivyotoka: ya kufua, ya kuosha vyombo, na ya lenzi.

Kitinda akarudisha lenzi jichoni bila kuombwa, akaanza kuligeuza jiwe mwenyewe, upande kwa upande.

"Na kwingine kote?"

"Kwingine kote ni safi."

Jicho akamweleza kwamba akitaka, wanaweza kumtafutia jiwe lingine. Au waliache hivi lilivyo, halina tena cha kuficha. Kitinda akatikisa kichwa.

"Mwite fundi," alisema. "Aligeuze kama marehemu mwenyewe alivyotaka."

Fundi alipoingia, Kitinda alisimama kumwomba radhi, na fundi akaona haya kuliko yeye. Kisha Jicho akamwonyesha jinsi fundi wa zamani alivyouchonga ukucha kwa ndani, ukawa unaufunika ufa bila kuukandamiza. Kazi ile ilichukua mchana wote uliobaki. Jicho alisimama nyuma ya bega la fundi, na mara mbili tatu aliona kitu, na mara zote aliyameza maneno, kwa sababu fundi alikuwa ameshakiona.

Pete ilipokuwa tayari, Kitinda akaivaa, akanyoosha mkono mbele ya dada yake kama siku ile ya ukoo mzima.

"Dada, ufa unaonekana?"

Jicho akaushika mkono. Lenzi aliiacha mezani. Akautazama kwa raha zake, akaugeuzia dirishani, akaurudisha.

"Hauonekani," alisema, na ilikuwa kweli.

Kitinda akatundika mkoba begani. Alisema hawezi kukaa zaidi, nyumbani ameacha nguo zimelowekwa tangu asubuhi.

"Ukifua usiivue," Jicho akamwambia.

"Lini niliwahi kuivua?" Kitinda akajibu, akaanza kushuka ngazi.