Mguu Unaotazama Kando

Baba yangu hali chakula cha mchana cha Jumamosi mpaka nifike. Tangu kiharusi kimshike upande mmoja, hiyo ndiyo amri pekee iliyombakia, na anaitumia vilivyo. Wifi yangu humwekea kimanga, ule mseto wa mihogo na maharagwe, mezani kule Wusi mlimani, kikapoa, yeye anatazama barabara. Mimi hutoka Voi asubuhi kwa baiskeli.

Mwaka huu nilijitia ujanja. Nilipata viatu vya baiskeli vya mtumba pamoja na pedali zake, zile za kunasa kiatu. Soli ina kipande cha chuma kinachoingia kwenye pedali, na hakitoki mpaka uzungushe kisigino. Fundi wangu, aliyezoea baiskeli za kubeba mitungi ya maji, alivifunga vile vyuma vikitazama mbele moja kwa moja, akavikaza kwa nguvu zake zote.

"Mguu wangu wa kulia hutazama kando kidogo," nilimwambia.

"Hiyo ni mazoea tu, mama. Hii chuma ikikazwa itanyoosha mguu."

Nami nikakubali, jambo linaloniudhi hadi leo. Shuleni nilichapwa kwenye gwaride kwa ajili ya mguu huohuo. Nilifurahi kusikia kwamba hatimaye umepata dawa.

Wiki ya kwanza goti liliuma kidogo, ya tatu likavimba. Nikapandisha kiti, nikakishusha. Nikasogeza chuma nyuma, lakini bado kimenyooka, maana niliona haya kukipinda. Nilipokubali kukigeuza kifuate mguu kama nilivyozaliwa nao, maumivu yalipungua, hayakuisha. Goti lilikuwa limeshakasirika.

Jumamosi iliyopita, mlima ulipoanza baada ya Mwatate, lilikataa kukunjika. Kisigino nacho hakikuzunguka, kwa sababu goti halikuruhusu. Niliegemea ukingo wa barabara, nikafungua kiatu na kuuvuta mguu nje. Nikabaki nimesimama na soksi moja, kiatu kikiwa bado kimenaswa kwenye pedali. Nililia, sioni haya kusema.

Simu ikaita. Wifi alikuwa amemshikia baba.

"Umefika wapi, mwanangu?" Maneno yake siku hizi hutoka moja moja.

Niliutazama mlima wote uliobaki.

"Nakaribia, baba."

"Sawa," akasema. "Sijala."