Aliyefungua Sikio Langu

Nilipokuwa mtoto, sikio langu la kuume lilikuwa linalisha nyumba nzima. Mtu asinicheke. Muulize mzee yeyote aliyekaa karibu na gare, stesheni ya reli ya Kalemie, wakati ule, atakupa habari za Dodo, yule mtoto aliyekuwa akilaza sikio juu ya reli na kusikia treni ingali Nyunzu. Haya, tuseme Nyunzu ni mbali mno. Tuseme Niemba. Chini ya hapo sishuki, maana sifa zangu ni chache na hii ni ya kweli.

Treni za siku zile hazikuwa na saa. Inaweza kuja asubuhi, inaweza kuja kesho kutwa. Abiria walishuka na njaa ya safari nzima, na mama yangu aliwauzia chai ya moto, mandazi na samaki wa ziwa wa kukaanga. Sasa ukiwasha makala, yaani makaa ya jiko, mapema, yanakuwa majivu kabla mteja hajashuka. Ukichelewa, abiria anakula kwa mwingine. Mama hakuwa na mtu wa biro, ofisini kwa reli, wa kumwambia treni imefika wapi. Alikuwa na mimi. Nikirudi mbio kutoka relini nikipiga kelele, "Mama, makala!", alipuliza moto, na treni ikisimama, birika lilikuwa linatoa mvuke.

Mlinzi wa sikio hilo alikuwa Kambo, mama mzazi wa baba yangu, mwanamke ambaye hata padri akimbariki alimtazama kwanza mikono. Kila Jumamosi alinilaza mapajani, akazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaitia sikioni na kuisokota ndani mpaka nikohoe. Ile nta ya rangi ya asali iliyonata kwenye pamba aliitupa motoni papo hapo, akasimama kuitazama mpaka iishe kulia.

"Nta ya sikio imesikia yote uliyosikia," alisema. "Muntu akiishika, ameshika sikio yako. Anaweza kuifunga, anaweza kujipa yeye mwenyewe. Usimuachie muntu hata kidogo."

Mimi leo ni mtu mzima, nimefika Lubumbashi na Kigoma, nina simu mbili mfukoni. Lakini nta yangu bado naitupa motoni. Si kwamba naamini. Ni kwamba sioni faida ya kujaribu.

Ng'ambo ya njia yetu alikaa Mama Sidonie, mjane kutoka Zongwe, kule pwani ya ziwa. Naye aliuza chai na mandazi pale pale gare, lakini kila mara alifika tumekwisha kuuza. Mtoto wake Kizito alikuwa rika langu, na hata kengele ya misa ilikuwa inampita.

Siku moja treni ilikawia, nikajibanza kwenye kivuli cha meza yao nikijikuna sikio. Mama Sidonie akanivuta, akageuza kichwa changu juani, akapangusa mlango wa sikio kwa pembe ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga.

"Hii ya nje inatosha," akasema. "Ya ndani uiache, inatokaga yenyewe. Nani anakusukumiaga namna hii?"

"Kambo."

"Mm," akasema, akaikunja ile pembe ya kikwembe.

Akaikunja. Nilipofika nyumbani na kusimulia, hilo ndilo neno Kambo alilolikamata, mengine hakutaka.

"Aliikunja kwa ndani ao kwa nje?"

"Kwa ndani."

Kambo akakaa chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Jumapili tukaenda kuoga ziwani. Nikazamia kushinda wote, kama kawaida yangu, na nilipoibuka upande mmoja wa dunia ulikuwa umejaa pamba. Nikaruka kwa mguu mmoja, nikajipiga kichwa, wapi. Wenzangu walisema kama watu wa chumba kingine, na sauti yangu mwenyewe ilinguruma ndani ya fuvu. Kesho yake nikalaza sikio relini. Kimya. Nikaenda kumwambia Mama kwamba bado. Sijamaliza hata kunawa miguu, treni ikapiga honi pale pale mlangoni pa mji. Tulipofika na birika la maji baridi, abiria walikuwa wamejaa kwenye meza ya Mama Sidonie, na Kizito anagawa vikombe.

"Nani alikuambia treni inakuja?" nikamuuliza.

"Niliisikia," akasema Kizito, akicheka. "Weye hukuisikia?"

Nyumbani Kambo hakuhitaji ushahidi mwingine. Hata hivyo aliutafuta. Aligundua kwamba kikwembe kile kinafuliwa peke yake na kuanikwa nyuma ya nyumba, si mbele. Kwa nini nyuma? Aligundua kwamba jirani hapiti mbele ya mlango wetu bila kukohoa. Mama alijaribu kusema kwamba nguo inaanikwa penye jua. Kambo akamjibu kwamba hata jua lina watu wake. Na treni zilizofuata, vile vile: sisi tunapuliza makala, wenzetu wanahesabu vikombe vitupu. Bukari, ugali wetu, ikaanza kupungua sahanini. Kambo naye hakungoja tena Jumamosi. Kila jioni njiti, kila jioni mbali zaidi, na sikio likazidi kuwa jiwe.

Kilichotumaliza kabisa ni kisimani. Mama Sidonie alimuuliza Mama, "Sikio ya mutoto inaendelea namna gani?" Na hakuna aliyekuwa amemwambia! Leo najua kwamba nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa kama kuku anayemwangalia kipanga angani. Hata kipofu angejua. Lakini siku ile niliamini kwamba sikio langu liko mahali fulani ndani ya nyumba ile, limekunjwa, na kwamba sitalipata tena maisha yangu yote.

Alasiri moja Kambo akanishika mkono tukavuka njia, Mama nyuma yetu. Mama Sidonie alikuwa anakanda unga.

"Mama Sidonie," Kambo akasema bila salamu, "tumekuja kuchukua kitu yetu."

"Kitu gani, Kambo?"

"Sikio ya huyu mutoto. Uliitwaa na kikwembe. Sasa Kizito anasikia treni, huyu wetu hasikii hata matusi."

Majirani walikuwa tayari wamesimama kwenye uzio, wengine na watoto mgongoni. Nilingoja vita. Mama Sidonie akajipangusa unga mikononi.

"Dodo, kuja hapa. Inauma?"

"Hapana."

"Inatoa usaha? Damu?"

"Hapana."

"Zamani ilishatoboka?" hili alimuuliza Mama.

"Hata siku moja," Mama akajibu.

Akanigeuza juani, akavuta sikio, akachungulia. "Imejaa. Imeshindiliwa kama tumbako kwenye kiko."

"Nani ameishindilia?" Kambo akauliza haraka.

Mama Sidonie aliliacha sikio. Alisimama akatutazama sote, na majirani, kisha akasema pole pole, "Mimi naweza kuifungua. Lakini nikiifungua, mutasema njo mimi mwenyewe niliifunga. Nikiacha, mutasema nimekataa kurudisha. Sasa muniambie wenyewe, nifanye nini?"

Mimi ni mtu wa maneno, nimenyamazisha hata wakili mmoja pale bandarini. Lakini swali kama lile sijawahi kulisikia tena.

"Fungua," Kambo akasema. "Hayo mengine tutaona."

Mama akasogea karibu nami. Macho yake yalikuwa kwenye sikio langu.

Mama Sidonie alitoa sharti moja: njiti ya kiberiti isiingie tena humo, wala pini, wala unyoya wa kuku, wala kidole. Kisha akaleta mafuta meupe ya mbegu za mchikichi, akayapasha kidogo kwenye kijiko, yakawa na joto la mwili tu. Kambo akanyoosha mkono. Akayaonja kwanza, akalamba midomo, tukangoja kuona kama atakufa. Hakufa. Basi yakaingia matone machache, nami nikalala upande mpaka sikio linywe. Na jioni zilizofuata hivyo hivyo. Ndani nilisikia mlio wa kuchemka.

"Nasikia samaki wanakaangwa," nikasema.

Kambo akafanya ishara ya msalaba.

Mama Sidonie aliporidhika kwamba nta imelainika, akaleta maji ya vuguvugu na kile kipira chenye mdomo, ambacho mama zetu wanatutilia dawa kwa nyuma tumbo likifunga. Kambo akaruka.

"Ile ya matako? Katika kichwa ya mujukuu wangu?"

"Ni mupya, Kambo. Angalia, iko bado na vumbi ya duka."

Majirani walicheka mpaka uzio ukatikisika, na Mama Sidonie mwenyewe akacheka. Kambo hakucheka. Mama Sidonie alijaribu maji kwa kiwiko, akatueleza kwamba ya baridi yanazungusha kichwa na ya moto yanaunguza. Akavuta sikio juu na nyuma, akayapeleka maji pole pole kwa kuyafuatisha ukuta, si kwa kuyapiga moja kwa moja, akaacha nafasi yarudi yaanguke kwenye beseni. Akajaza tena. Na tena. Halafu kitu kikasogea ndani ya kichwa changu kama mlango wa ghala, kikaanguka ndani ya maji: kipande cheusi, kikubwa kama punje ya hindi. Wanangu nimewaambia kilikuwa kama kokwa la embe, lakini ninyi ni watu wazima. Kambo alikidaka, akakipeleka motoni.

Na dunia ikaingia. Kuku, vijiko, mtoto wa jirani anayelia, upepo kwenye mabati, vyote kwa mpigo mmoja, vikali kama vimenolewa. Na katika kelele ile, maneno ya kwanza ambayo sikio langu lilipokea yalikuwa ya Kambo, nyuma yangu, akimnong'oneza Mama: "Umeona? Njo yeye. Asiyeifunga, angejuaje kuifungua?"

Alidhani ananong'ona chini. Kwa sikio lile jipya ilikuwa kama radio. Nikamtazama Mama Sidonie. Alikuwa anamwaga maji ya beseni, ametupa mgongo. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kumwaga.

Jua halijazama, habari ilikuwa imefika gare. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu tu kwa mbali, na kuwavuta watoto wao wakikaribia meza yake. Waliokuwa kwenye uzio wakaapa kwamba kile kipande kilikuwa na nywele. Mandazi yake yakawa yanalala mpaka yanakauka. Alivumilia, kisha akakusanya vyombo, akampandisha Kizito kwenye mtumbwi wa mashini unaoelekea kusini, akarudi Zongwe. "Munaona?" watu wakasema. "Muntu safi hakimbiagi." Abiria wote wakawa wetu. Nikarudi relini, bukari ikajaa sahani, na Kambo alikufa miaka mingi baadaye bila wasiwasi hata kidogo juu ya jambo lile.

Kizito nilimkuta bandarini tukiwa watu wazima, ameleta samaki. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Baada ya pole na salamu nikamuuliza habari za treni.

"Siku zile nilianza kupanda juu ya tanki ya maji ya gare," akasema. "Naona moshi. Mama njo aliniambia, mwenzako iko na masikio, weye iko na macho."

"Na uliniambia uliisikia."

"Nilikuwa nakuchokoza, Dodo. Nilikuwa mutoto."

Nikacheka naye, lakini nilimtazama vizuri usoni nione kama anaongopa. Tabia hiyo haijaniacha.

Mwaka huu sikio la binti yangu Neema likaziba. Munganga wa dispanseri akamulika na tochi yake, akauliza nani anamtia vijiti vya pamba. Mke wangu akanitazama. Nami nikatazama dari. Akatuambia nta ni ulinzi wa sikio na inatoka yenyewe, kijiti kinaishindilia ndani tu. Tuweke mafuta ya vuguvugu kidogo kidogo, tuwe na subira. Kukiwa na maumivu, usaha au homa, tusiweke kitu, tumrudishe kwake. Nikamwambia yote hayo nayajua tangu utoto. Akashangaa.

"Nani alikufundisha, Papa?" munganga akauliza.

"Mama mmoja," nikasema, na kwa mara ya kwanza sikuongeza kitu.

Kambo alinipenda kuliko macho yake, na ni mapenzi yake na njiti yake vilivyonifunga sikio. Yule tuliyemshuku ndiye aliyelifungua, akijua bei yake kabla hajapasha mafuta. Mimi ni mtu wa kushuku. Jambo lile nimeligeuza pande zote kama samaki wa sokoni, nimefunua mashavu, nimenusa, nikitafuta alipata faida gani. Sijaona penye kuoza. Na hilo linanisumbua kuliko ningekuta kitu.

Jioni moja nilikuwa nimemlaza Neema mapajani, kijiko mkononi. Hadithi hii anaijua, ile ya kuchekesha, ninayoikatia pale kipande kinapoanguka kwenye beseni.

"Papa," akasema, "yule mama wa sikio yako, mulimuambia merci, mulimushukuru?"

Jiko lilikuwa linalia. Mke wangu aliacha kukoroga, akangoja naye.

"Lala vizuri," nikamwambia. "Mafuta yasimwagike."